Mali bila daftari: rapa anayejitegemea na madai ya hakimiliki mitandaoni

Mwaka 2015 wapiga kura wa jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, walimpeleka bungeni Joseph Haule, ambaye nchi nzima inamfahamu kwa jina la Profesa Jay. Jina hilo alilijenga kwa mistari, kwanza akiwa na kundi la Hard Blasters, kisha akiwa peke yake. Tangu siku ile ni vigumu kumwambia kijana wa Kilosa kwamba rap ni kupoteza muda. Lakini kizazi cha Profesa Jay kilipata jina kupitia redio na kaseti. Kijana wa leo anategemea YouTube, Instagram na TikTok, na huko anayesimama mlangoni ni mashine.

Tuchukue mfano wa kijana wa kata ya Magomeni, mjini Kilosa, asiye na lebo wala meneja. Amepakua biti YouTube, akaandika mistari yake, akaingiza sauti studio ya mtaani na kurekodi video kwa simu kandokando ya mto Mkondoa. Anaipandisha usiku. Kabla hajamaliza kusambaza linki kwenye magrupu ya WhatsApp, anakuta ujumbe: video ina dai la hakimiliki. Sauti inayodaiwa imetajwa kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na matangazo yakiwekwa, fedha zitakwenda kwa mtu ambaye hajawahi hata kumsikia.

Wengi huamini ni hujuma ya mahasimu. Mara nyingi hakuna hujuma yoyote. Mashine haijui nani ametunga; inajua nani ameandikisha. Rapa anayelielewa hilo mapema atajiepusha na machungu mengi, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Wimbo mmoja, mali tatu

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapokuwepo. Huhitaji kwanza kupata cheti ndipo mistari yako iwe yako. Ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Tatizo ni kwamba wimbo wa rap si kitu kimoja. Kuna maneno, ambayo ni ya aliyeyaandika. Kuna muziki, yaani biti, ambao ni wa aliyeutengeneza. Kisha kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyokamilika ambayo wanamuziki wanaiita masta, nayo ina haki zake. Kijana wetu wa Magomeni anamiliki maneno kwa asilimia mia moja. Biti si yake, hata kama aliipata bila kutoa senti. Neno "bure" kwenye kichwa cha video ya biti kwa kawaida humaanisha ruhusa ya kufanyia mazoezi, au kutoa wimbo usioingiza fedha. Masharti kamili yako kwenye maelezo ya chini, na wengi hawafiki huko.

Na kuna biti za kukodi. Unalipa kiasi kidogo, unapewa leseni isiyo ya peke yako, na mwenye biti anabaki na haki ya kuikodisha kwa watu wengine wengi. Wewe uko Kilosa, mwenzako yuko Lagos, mwingine Atlanta, wote mna biti moja na wote mko halali. Mmoja wenu akiiandikisha rekodi yake kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mashine itaanza kuwadai ninyi wengine wote. Ndiyo maana leseni nyingi za aina hii zinakataza kabisa wimbo kuingizwa kwenye mfumo huo.

Kuazima biti ni jambo la siku nyingi kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alirap kwa Kiswahili juu ya Ice Ice Baby ya Mmarekani Vanilla Ice, na wengi wanaihesabu kazi hiyo kuwa mlango wa rap ya Kiswahili. Biti hiyo nayo ilikuwa imejengwa juu ya besi ya Under Pressure ya Queen na David Bowie, na mwishowe ilibidi watajwe kuwa watunzi wenza. Saleh Jabir angepandisha wimbo ule leo, angepata dai hata kabla ya kupata mtazamaji. Tofauti ni kasi ya kukamatwa, na ukweli kwamba Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu 1994: biti ya Mmarekani inalindwa hapa, na mistari ya Mkilosa inalindwa Marekani.

Hata za nyumbani zina wenyewe. Ukitaka kukata kipande cha gitaa la Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, kumbuka kwamba alifariki Januari 1979. Hesabu miaka 50: utunzi wake unalindwa hadi 2029, mbali na haki za waliourekodi.

Mashine inavyofanya kazi

YouTube ilianzisha mfumo wa Content ID mwaka 2007. Mwenye haki anaingiza rekodi yake, mfumo unaigeuza kuwa alama za kidijitali, kisha kila video inayopandishwa inalinganishwa na alama hizo. Zikifanana, mwenye haki anachagua moja kati ya matatu: kuizuia video, kuchukua mapato yake, au kuiacha na kufuatilia tu watazamaji. Mfumo huu haufunguliwi kwa kila mtu. Msanii mmoja mmoja huingia kupitia kampuni za usambazaji, na hapo ndipo mwenye lebo anapomtangulia asiye nayo.

Watu huchanganya mambo mawili: dai na onyo. Mara nyingi dai linatokana na mashine. Linagusa video moja na haliichafui chaneli. Onyo linatokana na mwenye haki kuandika rasmi akitaka video iondolewe. Utaratibu huo unafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayoukinga mtandao usishtakiwe iwapo utaondoa kazi inayolalamikiwa bila kuchelewa. Kwa hiyo mtandao huondoa kwanza, maswali baadaye. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli yako pamoja na kila ulichokipandisha.

Dai linaweza kupingwa, na mwenye kudai ana siku 30 za kujibu. Ukilipinga ndani ya siku tano, mapato yanashikiliwa tangu siku ya kwanza hadi shauri liishe. Lakini pinga ukiwa na karatasi mkononi. Anayepinga kwa hasira, bila leseni wala makubaliano, anamsukuma mwenye haki kuomba video iondolewe, na dai linageuka kuwa onyo. Kulipinga onyo kwa maandishi rasmi ni kazi nzito zaidi: unatoa jina lako halisi na anwani, na unakubali kwamba mahakama ya Marekani inaweza kuhusika. Usifanye hivyo bila kumuuliza mwanasheria.

Kuna dai linalouma kuliko yote: msanii kudaiwa wimbo wake mwenyewe. Aliutoa kupitia msambazaji, msambazaji akauandikisha, kisha msanii akaupandisha kwenye chaneli yake. Mashine haikujua kwamba chaneli na wimbo ni vya mtu mmoja. Dawa yake ni kumwomba msambazaji aiweke chaneli yako kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, kabla ya siku ya kuachia wimbo. Ikiwa aliyekusambazia alitumia akaunti yake binafsi, shida ni kubwa zaidi, kwa sababu kwenye kumbukumbu za mtandao mwenye wimbo ni yeye.

Instagram na TikTok zina mtego mwingine. Msanii anabadili akaunti kuwa ya biashara ili aonekane wa maana na aweze kulipia matangazo. Ghafla nyimbo nyingi maarufu zinatoweka kwenye maktaba yake, kwa kuwa leseni ambazo mitandao hiyo imezipata kwa watumiaji wa kawaida hazihusu biashara. Rapa anayetangaza shoo yake kwa kipande cha wimbo wa msanii mkubwa anaweza kunyamazishwa sauti. Tangazo la kulipia lijengwe juu ya sauti unayomiliki mwenyewe.

Kesi zinatufundisha nini

Novemba 2019 video ya Uno ya Harmonize iliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba biti ya wimbo huo ilichukuliwa kutoka Dundaing, wimbo wa King Kaka. Baadaye video ilirudi. Somo ni hili: lalamiko la mtu mmoja wa Nairobi lilitosha kuzima, kwa muda, kazi ya mmoja wa wasanii wakubwa kabisa Tanzania. Mashine na utaratibu wake havitazami ukubwa wa jina.

Upande wa pili, sheria inaweza kuwa ngao ya rapa. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua kwamba kampuni ya simu ya Tigo iwalipe marapa AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2.1 kwa kutumia nyimbo zao Usije Mjini na Dakika Moja kama miito ya simu bila ridhaa. Kampuni ilikata rufaa na shauri likaendelea, lakini ujumbe ulifika: mistari ni mali, na mwenye mali anaweza kwenda mahakamani.

Daftari la rapa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa rapa, daftari ni karatasi chache. Ya kwanza ni makubaliano na prodyuza, yaandikwe kwa Kiswahili rahisi kabla sauti haijaingizwa: jina la wimbo, nani ametengeneza biti, nani ameandika maneno, biti ni ya msanii huyu peke yake au la, kama kuna kipande cha wimbo wa mtu mwingine ndani yake, masta ni ya nani, mapato yatagawanywa vipi, na nani ana ruhusa ya kuuandikisha mtandaoni. Wote wawili waweke sahihi na tarehe, na kila mmoja abaki na nakala. Aliyeshirikishwa kwenye kolabo naye asaini.

Ya pili ni leseni ya biti, kama ulikodi: ihifadhi pamoja na risiti. Ya tatu ni namba ya utambulisho wa rekodi, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo msambazaji huitoa kwa kila rekodi. Ya nne ni cheti cha COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ni kweli haki haitegemei cheti, ila cheti ni ushahidi wa tarehe na jina, na ushahidi ndio unaokosekana migogoro inapozuka. Aliyeandikisha kazi zake pia ndiye anayepatikana wakati wa mgao: Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha iliyotokana na redio na televisheni, na asiye kwenye orodha alibaki kuwa msikilizaji. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa, COSOTA ikawa Ofisi ya Hakimiliki na ukusanyaji wa mirabaha ukafunguliwa kwa taasisi nyingine. Msanii anapaswa kujua amejiunga na ipi.

Haya yote tusiyaache mabegani mwa kijana peke yake. Kila halmashauri ina Afisa Utamaduni, na ofisi hiyo ingeweza kuwa mahali pa kupata mfano wa mkataba na kusaidiwa kujaza fomu, pasipo safari ya Dar es Salaam. Studio za mtaani ziweke karatasi ya makubaliano mezani kama zinavyoweka maikrofoni. Ofisi ya Hakimiliki nayo ichapishe mwongozo wa madai ya mitandaoni kwa Kiswahili, kwa sababu ujumbe unaomfikia kijana huyu umejaa istilahi ambazo hata waliosoma zinawashinda.

Wakati tukisubiri hayo, kila rapa ana la kufanya leo. Chukua wimbo unaotaka kuutoa, mpigie prodyuza wako, na muulize swali moja: biti hii ni ya nani? Asipoweza kujibu kwa maandishi, usiupandishe. Tafuta prodyuza wa hapohapo Kilosa au Mikumi akutengenezee biti mpya, mwandikiane, kisha uupromoti kwa nguvu zako zote.