Julian Bond: Mbunge aliyechaguliwa mara tatu kwa kiti kimoja

Siku ya 10 Januari 1966, kijana wa miaka 25 alifika katika bunge la jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, ili aapishwe pamoja na wabunge wenzake. Wengine walikula kiapo, lakini yeye alizuiwa. Siku hiyo hiyo wabunge walipiga kura kuhusu hatima yake: 184 walitaka aondolewe, 12 tu walikataa.

Kijana huyo alikuwa Julian Bond. Hakuna aliyedai kwamba aliiba kura, wala hakuna aliyepinga hesabu za uchaguzi. Kosa lake lilikuwa maneno yake juu ya vita vya Vietnam.

Bond alizaliwa tarehe 14 Januari 1940 mjini Nashville, katika familia ya wasomi. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mkuu wa chuo kikuu. Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi wa Morehouse College mjini Atlanta, alikuwa miongoni mwa vijana waliounda SNCC, shirika la wanafunzi lililopigania haki za Wamarekani weusi bila kutumia nguvu. Baadaye alikuwa msimamizi wa habari wa shirika hilo.

Nafasi ya kuingia bungeni ilitokea mwaka 1965. Korti zilikuwa zimelazimisha Georgia kuchora upya maeneo ya uchaguzi ili kura ya mkaaji wa mjini iwe na uzito sawa na ya mkaaji wa kijijini. Eneo la 136, mjini Atlanta, lilikuwa na wapiga kura 6.500, na karibu 6.000 kati yao walikuwa weusi. Bond aligombea kwa chama cha Demokratiki na kupata kura 2.320. Mpinzani wake alipata 487. Alikuwa mmoja wa weusi wanane waliochaguliwa mwaka huo kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Georgia.

Siku nne kabla ya kiapo, SNCC ilitoa tangazo la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Tangazo hilo liliishutumu serikali ya Marekani kwamba inadanganya inaposema inajali uhuru wa watu wa Vietnam, kama ilivyodanganya kuhusu uhuru wa watu weusi kwingineko. Kati ya nchi zilizotajwa kwa jina ilikuwemo Congo. Wakati huo zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu Mobutu achukue mamlaka mjini Kinshasa, tarehe 24 Novemba 1965.

Bond hakuliandika tangazo hilo. Mwandishi wa habari alimpigia simu na kumwuliza kama analikubali, naye akajibu kwamba analikubali. Wabunge 75 walitia sahihi kupinga asiapishwe, wakidai kwamba mtu mwenye maneno hayo hawezi kuapa kwa moyo safi kuitetea katiba. Alipohojiwa, Bond alieleza kwamba anaheshimu ujasiri wa wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini, lakini yeye hajachoma yake. Alisema iko mfukoni, wakitaka atawaonyesha. Hata hivyo hawakubadili nia.

Alikimbilia korti. Pamoja naye alishitaki Martin Luther King, ambaye alikuwa mkaaji wa eneo la 136 na aliona kwamba kufukuzwa kwa mbunge ni kunyang'anywa kura kwa waliomchagua. Katika korti ya kwanza walishindwa: majaji wawili waliunga mkono bunge, mmoja alipinga. Kesi ikapelekwa katika Korti Kuu ya Marekani.

Kesi ilipokuwa ikisubiriwa, gavana aliitisha uchaguzi wa kujaza kiti kilichobaki wazi. Bond aligombea tena, akashinda. Kamati ya bunge ilimwita na kumtaka afute maneno yake. Alikataa, naye akafungiwa mlango kwa mara ya pili. Novemba 1966 ulifika uchaguzi wa kawaida, na wakaaji wa eneo la 136 walimchagua kwa mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba 1966, majaji wote tisa wa Korti Kuu walikubaliana. Rais wa korti hiyo, Earl Warren, aliandika kwamba bunge linaweza kumdai mbunge kiapo, lakini haliwezi kutumia kiapo hicho kupima mawazo yake na kumfunga mdomo. Tena mbunge ana wajibu wa kusema msimamo wake juu ya mambo mazito, ili waliomtuma wajue anasimamia nini. Januari 1967 Bond aliapishwe na kukaa kwenye kiti chake.

Alibaki katika bunge la Georgia kwa miaka 20: kwanza katika Baraza la Wawakilishi, kisha katika Seneti ya jimbo kuanzia 1975. Mwaka 1968, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Demokratiki mjini Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa kiti cha makamu wa rais. Alijitoa, kwa sababu alikuwa na miaka 28, na katiba inadai 35.

Katika Seneti, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipigania eneo la uchaguzi la Atlanta, la bunge la taifa, lichorwe ili weusi wawe wengi. Mwaka 1986 aligombea mwenyewe katika eneo hilo. Mpinzani wake alikuwa John Lewis, rafiki yake wa zamani aliyewahi kuongoza SNCC. Katika duru ya kwanza Bond aliongoza kwa asilimia 47, Lewis akapata 35. Kampeni ilikuwa chungu. Lewis alimtaka hadharani wapimwe wote kama wanatumia madawa ya kulevya. Katika duru ya pili, Septemba, Lewis alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Alikaa katika bunge la taifa hadi kifo chake mwaka 2020.

Bond hakurudi tena bungeni. Alifundisha historia katika chuo kikuu cha Virginia, na kuanzia 1998 hadi 2010 aliongoza halmashauri ya NAACP, shirika kongwe la kutetea haki za Wamarekani weusi. Alikufa tarehe 15 Agosti 2015, akiwa na miaka 75.

Mwaka 1966 wabunge 184 walijaribu kumwondoa na hawakuweza. Miaka ishirini baadaye waliomwondoa walikuwa wapiga kura wa Atlanta, katika eneo alilolipigania yeye mwenyewe, na safari hiyo hapakuwa na kesi ya kupeleka kortini.