Kiingereza Kinachokwama Kooni: Niliyoyaona Katika Skuli za Kericho na Bomet

Mpwa wangu ana kikundi cha vijana watano wanaozunguka skuli kwa skuli wakifundisha Kiingereza kwa michezo, nyimbo na maigizo. Muhula uliopita aliniomba niandamane nao hadi nchi ya chai, Kericho na Bomet. Nilikubali kwa sababu mbili. Kwanza, nilitaka kuona kama michezo hiyo ina faida au ni kuwapotezea watoto wakati. Pili, wallahi, nilitaka kuyaona yanakotoka majani ninayoyanywa kila asubuhi kwa mahamri.

Sisi watu wa Mombasa tuna uhusiano na milima ile kuliko tunavyodhani. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi ukaja Mombasa mwaka 1969, na tangu 1992 chai huuzwa hapo kwa dola. Majani yanayochumwa Litein au Mogogosiek mengi huteremka hadi maghala ya mjini kwetu, na bei yake hutajwa kwa Kiingereza na watu ambao mchumaji hatawaona maishani mwake. Kwa hivyo mzazi wa kule akikwambia anataka mwanawe ajue Kiingereza, usidhani anataka kuringa. Ameshaona mambo yake yanavyoamuliwa kwa lugha asiyoijua.

Tena siku hizi wasiwasi umezidi. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, na Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyima kazi. Mtoto aliyetarajia kushika kikapu cha mamake hana hakika tena kama kikapu hicho kitamlisha.

Tulifika skuli moja ya msingi upande wa Bomet saa mbili u nusu asubuhi. Mwenyeji wetu alikuwa amesisitiza tusichelewe, na sikuelewa kwa nini hadi alasiri, mvua ya mawe ilipoanza kupiga bati. Ikianza, mwalimu hasikiki hata akipaza sauti vipi. Watoto hufunga madaftari wakangoja. Somo la kuzungumza lazima lifanywe kabla mbingu hazijaanza kusema zenyewe.

Mpwa wangu aliwaamkia "Chamgei", darasa likacheka, likamjibu kwa kishindo. Kisha akasema "Good morning". Wote wakasimama wakajibu kwa sauti moja, kama kasida: wazima, asante, na yeye je? Hakuwa amewauliza hali. Akamgeukia msichana wa mstari wa mbele akamuuliza kwa Kiingereza amekula nini asubuhi. Binti akavuta kola ya sweta akafunika mdomo. Kimya. Nyuma wenzake wakaanza kucheka chinichini.

Binti yule hakuwa mjinga. Daftari lake nililitazama, sentensi zimenyooka na alama za vema zimejaa. Kiingereza kilikuwa mkononi, hakijafika mdomoni. Na zipo sababu za hali hiyo.

Sababu ya kwanza ni jinsi elimu yetu ilivyopangwa. Katika madarasa ya chini, sera inaruhusu mtoto wa mashambani afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na Kiingereza awe anakisoma kama somo. Akifika gredi ya nne, Kiingereza ndicho kinachofundishia karibu kila kitu. Asiyeweza kuuliza swali kwa Kiingereza hapo huwa bubu katika sayansi, bubu katika hesabu, bubu katika somo la jamii. Watu husema mtoto ameanza kuzembea, kumbe amenyamazishwa.

Sababu ya pili ni mtihani. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ina sehemu ya stadi za kuzungumza, lakini stadi hizo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika angetamkaje neno fulani au angejibuje katika mazungumzo. Hakuna anayeketi mbele yake amsikilize. Basi mwalimu mwenye darasa la watoto sitini atatumiaje saa zake? Atafundisha kinachopimwa.

Sababu ya tatu ni haya. Wazee wanaikumbuka diski, kile kipande cha mti au mfupa alichovishwa mtoto aliyeponyokwa na lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekulia Limuru, nayo nchi ya chai, alieleza adhabu za namna hiyo katika Decolonising the Mind mwaka 1986. Katika chumba cha walimu, mwalimu mmoja wa makamo alituambia aliwahi kuivaa akiwa mdogo. Fimbo hiyo ilikusudiwa kuwafanya watoto waongee Kiingereza. Wengi iliwafundisha kwamba salama ni kunyamaza.

Sasa vijana walifanya nini? Walianza na vipande vya karatasi. Kila mtoto alishika kimoja mbele ya midomo akatamka "pig", karatasi ikapepea. Akatamka "big", karatasi ikatulia. Mchezo wa kitoto, lakini una elimu ndani yake. Kipsigis, kama lugha nyingine za Kikalenjin, haitenganishi maneno kwa p na b, t na d, au k na g, kama sisi tunavyotenganisha pata na bata. Mtoto anayeandika "pig" akikusudia "big" si mzembe. Sikio lake halijaambiwa kwamba tofauti hiyo ina maana. Karatasi inamwonyesha kwa jicho kile ambacho sikio bado halijakishika.

Kisha ukaja mchezo wa "ship" na "sheep", na hapo wageni tukaumbuka. Kiswahili chetu kina vokali tano tu, ilhali Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa takriban sauti 20 za vokali. Maneno hayo mawili Mswahili huyatamka sawasawa. Kipsigis nayo hutofautisha maana kwa kurefusha au kufupisha vokali, kwa hivyo watoto wale waliikamata tofauti mara moja. Kijana mmoja wetu, mzaliwa wa Likoni, alisema kondoo wametia nanga bandarini Kilindini. Darasa zima likaangua kicheko, na watoto wakaanza kumsahihisha, kwa Kiingereza. Yule binti wa sweta alikuwa wa tatu kuinua mkono.

Hapo ndipo nilipofahamu furaha inafanya kazi gani darasani. Mgeni alikosea mbele ya watu, akachekwa, akacheka pia, na hakuna aliyevishwa kitu shingoni. Watoto waliona kwa macho yao kwamba kukosea hakuui. Somo hilo halimo katika kitabu chochote cha sarufi.

Baadaye waligawanywa makundi waigize safari ya jani la chai. Mmoja alikuwa mchumaji, mwingine karani wa mizani, mwingine dereva wa lori. Kiwandani wakayanyausha majani, wakayasaga, wakayaacha yageuke rangi, wakayakausha, wakayapanga kwa madaraja. Mwishowe likaja soko la Mombasa, na mtoto mmoja akawa mnunuzi anayekataa bei. Haya yote wanayajua kutoka nyumbani. Hawakuwa wakitafuta cha kusema. Walitafuta maneno tu, na maneno yalipokosekana waliyaomba. Linganisha na vitabu vinavyomtaka mtoto wa Konoin asimulie safari ya ndege.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha tamthilia ya kusafiri, wakapeleka maigizo kwa watu Uganda na Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kundi lake la kusafiri mwaka 1974. Leo vikundi vingi huzunguka skuli za upili vikiigiza vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Mkondo ni ule ule: kitabu kikipata miguu na sauti, mwanafunzi hukikumbuka.

Lakini nisije nikakupakia asali mdomoni. Mgeni wa siku moja ana mipaka. Sisi tuliosoma madrasa tunajua kwamba sauti na mahadhi huyaweka maneno kifuani. Tunajua vilevile kwamba mtu aweza kuhifadhi kasida nzima asijue maana ya beti mbili. Wimbo wa Kiingereza usiofuatwa na mazungumzo ya kila siku utabaki wimbo. Mwalimu wa darasa ndiye anayebaki.

Mfano mzuri ni mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015. Watoto wa madarasa ya chini walipewa kila mmoja kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, na maafisa wa elimu wa maeneo wakawa wanatembelea madarasa, wanaketi nyuma, wanasikiliza somo, kisha wanakaa na mwalimu kumshauri. Msafiri wa namna hii haji kuwatumbuiza watoto. Anakuja kumtia nguvu mwalimu, na anarudi tena.

Mpwa wangu amelielewa hilo. Kabla ya kuondoka Bomet walikaa na walimu karibu saa nzima, wakawafanyisha michezo ile ile hadi wakaizoea, wakaacha kadi za picha na karatasi ya maelezo. Mwalimu wa makamo, yule wa diski, ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Nasema haya kwa sababu skuli zetu za Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu nazo hupokea wageni wa aina hii, na wazazi hutoa pesa. Mkiletewa kikundi, kamati ya skuli iulize mambo matatu. Je, watoto wataongea wao, au watakaa wakitazama? Je, wamejua watoto wetu huteleza wapi, au wamebeba mchezo mmoja kwa nchi nzima? Na je, mwalimu ataachiwa nini wakiondoka? Jibu la tatu likiwa "hakuna", pesa hizo nunueni vitabu vya hadithi.

Tulipoaga, watoto walitusindikiza hadi langoni. Yule binti wa sweta alikuja karibu akaniambia kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno, kwamba asubuhi alikula ugali uliolala na chai ya maziwa. Lilikuwa jibu la swali aliloulizwa saa nne kabla. Nikamwambia "Kongoi", nikapanda gari.