Ethanoli Ndani ya Petroli na Injini Zisizoandaliwa Kuipokea

Petroli inayouzwa katika vituo vingi vya mafuta nchini Marekani na Uingereza si petroli tupu, kwani imechanganywa na ethanoli, yaani pombe ipatikanayo kwa kuchachusha mahindi, miwa au mazao mengine yenye sukari au wanga, na kwa kuwa kiasi cha pombe hiyo hufikia asilimia 10, mchanganyiko wenyewe huitwa E10. Nchini Marekani ulienezwa na sheria za nishati za 2005 na 2007, na nchini Uingereza ukawa petroli ya kawaida mnamo Septemba 2021, kwa lengo la kupunguza hewa ya ukaa. Kenya nayo, katika miaka ya 1980, iliwahi kuchanganya petroli na ethanoli iliyotengenezwa kwa molasi huko Muhoroni. Lengo la kupunguza hewa chafu ni la haki, na gari lililoundwa kwa ajili ya mchanganyiko huu halidhuriki nao. Wanaobeba gharama ni wenye magari ya zamani, boti, jenereta, mashine za kukatia nyasi na misumeno ya mota.

Madhara ya kwanza hutokana na ethanoli kuwa kiyeyushi chenye nguvu kuliko petroli. Mipira na gasketi za zamani, ambazo watengenezaji wake hawakuwa na sababu ya kuwazia pombe, huvimba, hulainika au hupasuka, na mpira wa mafuta unaovuja karibu na injini ya moto ni hatari ya kuunguza gari zima. Utando wa mashapo ya mafuta uliogandamana ndani ya tangi kwa miaka mingi hubanduka na kwenda kuziba filta na jeti, yaani vile vitundu vidogo vinavyopima mafuta ndani ya kabureta. Baadhi ya matangi ya boti ya faibaglasi yamewahi kulainika kutoka ndani, na uchafu wake ukaingia kwenye injini.

Jambo la pili linahusu hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, ilhali kilo moja ya ethanoli huhitaji kilo 9 tu, kwa sababu pombe hiyo tayari imebeba oksijeni ndani yake. Gari la kisasa lina kihisi cha oksijeni na kompyuta ya kuongeza mafuta inapobidi, lakini kabureta haina namna ya kujirekebisha, hivyo injini hupata mafuta kidogo kuliko inavyostahili, nayo hufanya kazi kwa joto zaidi. Ndiyo maana mamlaka za Marekani, ziliporuhusu E15, yaani mchanganyiko wenye ethanoli hadi asilimia 15, mnamo 2010 na 2011 kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia 2001, zilikataza isitumiwe katika pikipiki, boti na injini ndogo. Mojawapo ya hofu ilikuwa kwamba injini ya msumeno ingezunguka kwa kasi hata bila kuongezewa mafuta, klachi ikashika, na mnyororo ukaanza kuzunguka mtumiaji asipotarajia.

Hata hivyo, adui mkubwa kuliko yote ni maji yakisaidiwa na muda. Tangi lililojaa nusu hupumua: mchana likipata joto hutoa mvuke, na usiku likipoa huvuta hewa yenye unyevu, ambao hugeuka matone kwenye kuta zake. Petroli tupu haichanganyiki na maji hayo, lakini ethanoli huyafyonza na kuyashikilia, jambo ambalo kwa kiasi kidogo lina faida, maana maji hayo hupita na kuungua pamoja na mafuta. E10 inaweza kubeba takribani nusu ya asilimia ya maji, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, na uwezo huo hupungua baridi inapoongezeka. Kikomo kikipitwa, maji na ethanoli hujitenga na petroli na kuzama chini, pale pale bomba la mafuta linapovutia, huku petroli iliyobaki juu ikipoteza sehemu ya oktani, yaani uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli huumia zaidi, kwa kuwa tabaka la chini halibebi oili, na pistoni inaweza kukwama. Zinki na alumini za kabureta nazo huliwa na kutu nyeupe.

Kwa hiyo gari kuukuu linaloendeshwa kila siku huweza kuvumilia E10 miaka mingi iwapo mipira yake imebadilishwa, ilhali mashine ya kukatia nyasi iliyokaa miezi 6 stoo ikiwa na mafuta nusu tangi huharibika bila kufanya kazi yoyote. Mwenye mashine ya namna hiyo ni bora amwage mafuta kabla ya kuihifadhi, kisha aiwashe hadi kabureta ikauke, au anunue petroli isiyo na ethanoli pale inapopatikana. Uingereza bado inauza petroli ya daraja la juu yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5. Dawa za kutunza mafuta huchelewesha kuchakaa kwake, lakini mafuta yakishajitenga hazirudishi kitu, na tangi halina budi kumwagwa lote na kukaushwa.