Je, Wajua? Injini Mpya, Boti Kuukuu na Fimbo ya Chuma

Boti nyingi za starehe zilizoundwa Marekani tangu miaka ya 1960 hazina injini ya kuning'inia nyuma wala shafti ndefu ipitayo chini ya sakafu. Injini, ambayo mara nyingi ni ya gari iliyorekebishwa kwa kazi ya majini, hukaa ndani karibu na ukuta wa tezi. Gia na propela huwa nje ya ukuta huohuo. Volvo Penta ya Sweden iliuonyesha mpangilio huo mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, na MerCruiser ya Marekani ikafuata mwaka 1961. Boti za zamani hizo sasa zinabadilishwa injini, na fundi anapoifunga nyingine, kinachoamua kama kazi yake itadumu ni kimo anachoikalisha, kuliko hata nguvu za injini yenyewe.

Tuitazame gia ya MerCruiser iitwayo Alpha One. Shafti ya gia hupenya ukuta wa tezi, hupita katikati ya beringi, kisha meno ya ncha yake huingia kwenye kapilingi iliyofungwa nyuma ya injini. Wapo wasemao kwamba shafti hiyo ina krosi kama ya lori, kwa hiyo injini ikipinda kidogo krosi zitavumilia. Lakini krosi zenyewe ziko upande wa gia, nje ya beringi, na kazi yake ni kuiwezesha gia kugeuka kushoto na kulia na kuinuka. Kuanzia kwenye beringi hadi kapilingi, shafti ni kipande kimoja kilichonyooka. Injini ikikaa juu au chini kuliko inavyopasa, mzigo wa kosa hilo huangukia meno na raba iliyomo ndani ya kapilingi, kila mzunguko. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 180,000 kwa saa. Meno hulika, raba hukatika, na siku moja injini huvuma vizuri tu huku propela imesimama.

Wengine hujibu kwamba beringi hiyo imetengenezwa iweze kujigeuza yenyewe. Ni kweli, ila hugeuka papo hapo ilipo. Haipandi wala haishuki kuifuata injini. Ndiyo maana kuna fimbo maalumu ya chuma. Gia ikiwa imevuliwa, fundi hupaka grisi kwenye ncha ya fimbo na kuisukuma kupitia beringi hadi kwenye kapilingi. Inatakiwa iingie na kutoka kwa nguvu ya vidole viwili. Anayeipiga nyundo ili iingie ameshajinyima jibu. Akiichomoa, huangalia alama za meno kwenye grisi. Zikiwa sawa pande zote, injini imekaa. Zikiwa nzito upande mmoja, hupandisha au kushusha nati za maunti za mbele (vikalio vya raba vinavyobeba injini), kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, kisha hujaribu tena. Akisharidhika, huizungusha injini robo mzunguko na kupima upya, kwa sababu kapilingi iliyopinda inaweza kudanganya mahali pamoja.

Hoja ngumu zaidi ni hii: injini mpya ni ya aina ileile, matundu ni yaleyale, kwa nini isikae palepale? Kwa sababu boti si ileile. Chini ya faiba, boti nyingi za miaka hiyo zina mihimili ya mbao na ukuta wa tezi wa plaiwudi, na maji yakishapenya, mbao huoza na kubonyea. Maunti za zamani nazo zimekwisha kudidimia, hivyo raba mpya huinua injini. Skrubu ya maunti ikizunguka bila kukaza, hapo hakuna cha kupima. Mhimili utengenezwe kwanza, maana kimo kilichopatikana juu ya mbao iliyooza hakitadumu. Na kila gia inapovuliwa, hata kwa kubadilisha mpira wake wa kuzuia maji, pitisha fimbo kabla ya kuirudisha.