Ukuhani wa Waamini Wote, Jumatatu hadi Jumamosi

Novemba 1882 Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifunga virago wakaondoka Buganda, na hawakurudi hadi Julai 1885. Katika muda huo Wakatoliki wa nchi ile hawakupata misa wala kitubio. Wengi wao walikuwa wakatekumeni, na hao wachache waliokwisha kubatizwa walikuwa bado wachanga katika imani. Hata hivyo, mapadre waliporejea walikuta kundi kubwa kuliko lile waliloliacha.

Waliolikuza kundi hilo ni walei, kila mmoja akiwa palepale alipopatia riziki. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkuu katika nyumba ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa Kabaka, aligeuza nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho. Kule Mityana walikuwepo Matia Mulumba Kalemba, msaidizi wa chifu, na Noe Mawaggali, mfinyanzi.

Ni rahisi kusema kwamba watu hawa walikuwa wakimshikia padre nafasi mpaka arudi. Lakini tazama kilichotokea baada ya mapadre kurudi. Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mukasa alimkemea mfalme wake kwa mauaji hayo, na alikuwa pia akiwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa machafu ya Kabaka. Tarehe 15 Novemba mwaka huo naye akauawa. Huduma ile ya kumkemea mfalme padre asingeweza kuifanya badala yake, kwa sababu aliyekuwa karibu na sikio la Kabaka ni Mukasa. Kazi yake ya ikulu ndiyo iliyokuwa uwanja wa utume wake.

Mafundisho ya Kanisa yanaliweka jambo hili kwenye ubatizo. Kila aliyebatizwa anashiriki kazi tatu za Kristo: ukuhani, unabii na ufalme. Kwa ukuhani humtolea Mungu maisha yake, pamoja na jasho la kazi na taabu za malezi. Kwa unabii husema kweli hata inapomgharimu. Kwa ufalme hujitawala, na mamlaka aliyonayo huyatumia kuwatumikia wengine. Juu ya ukuhani huo wa wote, mwaka 1520 Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, aliwaandikia wakuu wa Ujerumani kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima ni makuhani sawa na askofu. Wanachotofautiana ni kazi waliyopewa. Kanisa Katoliki halikubaliani naye katika yote, maana linafundisha kwamba upadre wa daraja ni wa namna yake, wala si hatua ya juu tu ya ukuhani wa wote. Juu ya ukuhani wa ubatizo wenyewe, hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka waziwazi. Tarehe 18 Oktoba 1964, mtaguso ukiendelea, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mukasa na wenzake kuwa watakatifu, mashahidi 22, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa padre. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Novemba, hati ya Lumen Gentium ikatolewa, ikiwa na sura nzima juu ya walei.

Tangu hapo makosa mawili yamezoeleka. La kwanza ni kudhani kwamba huduma ya mlei ni kupewa shughuli kanisani: kusoma somo, kuimba kwaya, kukusanya sadaka. Shughuli hizo ni njema, lakini zinachukua saa chache za Jumapili. La pili ni kudhani kwamba kumtumikia Mungu kazini ni kubandika mistari ya Biblia ukutani au kuwahubiria wateja. Fundi anayehubiri vizuri na kuchanganya saruji pungufu hajatoa huduma yoyote. Amemwibia mwenye nyumba. Utume wake unaanzia kwenye ukuta usiopasuka, bei isiyobadilika njiani, na kibarua anayelipwa jioni ileile.

Katika Afrika Mashariki tunacho chombo kinachofaa. Miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji wao. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, hujua nani ni mgonjwa na nani amefiwa. Tatizo ni kwamba nyingi zimegeuka vituo vya kukusanyia michango: ujenzi wa kigango, tegemeza parokia, sherehe ya jubilei. Kazi za wanajumuiya zenyewe hazitajwi, isipokuwa inapotafutwa ahadi ya mchango.

Hebu mwenyekiti wa jumuiya aulize swali jingine baada ya Injili: wiki hii kazini umebanwa wapi? Mhasibu atasema bosi anamtaka aandike risiti ya mafuta ambayo hayakununuliwa. Muuguzi atasema wodi ina wagonjwa wengi kuliko mikono. Hapo majirani watakuwa na jambo la kuombea, na pengine la kusaidia: ushauri wa mwanasheria anayekaa mtaa wa pili, au chakula cha watoto iwapo mhasibu atakataa na kufukuzwa. Jumuiya inayomtaka mtu awe nabii ofisini inapaswa kuwa tayari kubeba gharama hiyo pamoja naye.