Saa nne si saa kumi: Lugha ya sheria na goti la mchezaji

MSOMAJI mmoja wa safu hii, ambaye kijana wake anasomea Marekani, aliniuliza swali juzi. Alikuwa akitazama mechi ya vyuo vikuu ya kandanda ya Kimarekani, akaona refa akirusha kibendera cha manjano na timu ikarudishwa nyuma yadi 15. Mtangazaji alisema tu kwamba mtu amezuiwa “chini ya kiuno”. Je, maana yake ni nini hasa? Swali ni la michezo, lakini jibu lake ni la lugha. Ndiyo maana nimelileta hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Sisi Wakenya tumezoea raga, ambamo ukimzuia mtu asiye na mpira umefanya kosa. Katika kandanda ya Kimarekani mambo ni kinyume. Timu ina wachezaji 11 uwanjani. Mmoja anabeba mpira, na wengi wa wenzake kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili kumfungulia njia. Kuzuia ni halali, tena ni fani inayofunzwa kwa miaka. Isitoshe, katika raga tunaogopa kumkaba mtu shingoni. Hapa hatari ninayoizungumzia iko chini, magotini.

Sababu ni rahisi kuelewa. Mguu uliokanyaga ardhi kwa uzito wa mwili mzima hauna pa kukwepea. Mtu wa kilo mia na zaidi akiugonga kwa bega kutoka ubavuni, goti hujipinda upande ambao halikuumbiwa, na kano zake hukatika. Baada ya hapo ni upasuaji na miezi mingi ya kujifunza upya kutembea na kukimbia. Hawa ni wanafunzi wa miaka ishirini hivi, na goti hilo ndilo watakalozeeka nalo.

Sasa tuitazame lugha ya sheria. Kanuni za chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, zinaeleza kuwa ni uzuiaji wa chini ya kiuno pale ambapo nguvu ya mguso wa kwanza imempata mpinzani chini ya kiuno, huku mguu wake mmoja au yote miwili ikiwa ardhini. Hebu pima kila neno. “Mguso wa kwanza”: ukimgonga mtu kifuani kisha ukateleza hadi magotini, hukutenda kosa. Vilevile, ikiwa kwanza umegusa mikono yake iliyo kiunoni au juu zaidi, uko salama. Kwa hivyo refa aliyeona mwisho tu wa tukio, yaani mtu kalala chini ameshika goti, hana ushahidi. Anafunzwa kuutazama uzuiaji wote, tangu mwanzo wake.

Je, tungeliitaje kosa hili kwa Kiswahili? Wengi watakimbilia “ngwala” au “mtama”. Maneno haya ni matamu, lakini hayatufai. Anayepiga ngwala hutumia mguu wake kuutega au kuufagia mguu wa mwenzake. Katika mchezo huu, hilo ni kosa jingine kabisa lenye jina lake. Mzuiaji wa chini hujirusha kwa bega au mwili. Tukiyachanganya, tutakuwa tumeyafanya makosa mawili kuwa moja.

Hata neno “kiuno” lina vishawishi vyake. Katika mazungumzo ya kila siku, kiuno chetu ni kipana: kinaanzia chini ya mbavu na kushuka hadi nyongani. Mcheza ngoma akisemwa anakata kiuno, kinachoonekana kikizunguka ni nyonga. Lakini sheria inahitaji mstari, nao mstari hauna upana. Mguso wa pajani hauna ubishi. Utata uko pale pembeni, palipo na kiuno na nyonga kwa pamoja, na refa ana nusu sekunde tu ya kuamua.

Hapo ndipo sheria inapotamka jambo ambalo mimi, kama mwanaisimu, nalipenda sana: pakiwa na shaka, mguso uhesabiwe kuwa ni wa chini ya kiuno. Ajabu, sivyo? Mahakamani tumezoea kuwa shaka humfaa mshtakiwa. Hapa shaka inamlinda mwenye goti. Lakini tahadhari: hii si ruhusa ya kubahatisha. Shaka inayozungumziwa ni ya mahali mguso ulipotua, kwa refa aliyeuona. Asiyeuona mguso hana shaka. Ana kisio tu, na kisio halirushiwi kibendera.

Kuna pia swali la nani na wapi. Tangu msimu wa 2018 uzuiaji huu ulipigwa marufuku zaidi ya yadi tano mbele ya pale mchezo ulipoanzia. Mwaka wa 2022 mlango ukabanwa zaidi: timu yenye mpira inaruhusiwa kuzuia hivyo ndani ya kisanduku tu, yaani yadi tano kila upande wa yule anayeanzisha mchezo kwa kuurudisha mpira nyuma. Wanaoruhusiwa ni wachezaji wa mstari wa mbele na wale wa nyuma waliokuwa wametulia. Mpira ukishatoka kisandukuni, ruhusa imekwisha. Vyuo vya kijeshi vya Army, Navy na Air Force, ambavyo kwa miaka mingi vilitegemea uzuiaji wa chini kuwashinda wapinzani wenye miili mikubwa, viliguswa sana na mabadiliko hayo. Kumbe sentensi moja yaweza kubadilisha falsafa nzima ya timu!

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Pale sheria inapodai uzuiaji utoke mbele, inafafanua “mbele” kwa mfano wa uso wa saa. Mchukulie mchezaji anayezuiwa kuwa amesimama katikati ya saa akitazama juu, kwenye 12. Nguvu ya mguso ni lazima itoke katika eneo lililo kati ya tarakimu 10 na tarakimu 2. Mfasiri mwenye haraka ataandika “kati ya saa kumi na saa mbili”, aende zake.

Lakini Mswahili huhesabu saa zake tangu macheo. Saa kumi yetu, mshale mfupi uko kwenye 4. Saa mbili yetu, mshale uko kwenye 8. Sasa chora duara uone: kati ya 4 na 8 ni mgongoni mwa mchezaji! Mfasiri wetu, kwa maneno yanayoonekana sahihi kabisa, atakuwa amehalalisha kumgonga mtu magoti kutoka nyuma, kosa ambalo ni miongoni mwa yale yanayochukiwa zaidi katika mchezo huo. Tafsiri iliyo sawa ni “kati ya saa nne na saa nane”, au bora zaidi, taja tarakimu zenyewe na uepuke utata.

Funzo langu kwa wanafunzi wa tafsiri ni hili: sheria haifasiriwi kwa kamusi pekee. Ni lazima uuone mwili unaozungumziwa, ujue umesimama vipi na unatazama wapi, ndipo uchague neno. Yale yale yanahusu maelezo ya dawa na maonyo ya mitambo. Neno lililoteleza huko halimkeri msomaji tu; kuna mtu ataumia. Tuonane juma lijalo, majaliwa.