Mafuta ya samaki katika chambo

Mto Lukuga unatoka katika ziwa Tanganika pale Kalemie, unakwenda kuingia katika Lualaba. Jua linapotua, watu huketi kingoni na ufito, mshipi na ndoana, wakiwangoja kambale. Wengi wana nyungunyungu tu. Lakini mwingine ana chupa ndogo yenye mafuta mazito ya manjano, na harufu yake si ya kupendeza. Ni mafuta ya samaki. Watoto huziba pua na kucheka. Kambale hawacheki.

Mafuta hayo hupatikana nyumbani bila feza. Mama akipasua samaki wanono, anaweka kando vichwa na mafuta ya tumbo. Vinachemshwa pamoja na maji katika chungu, juu ya moto mdogo. Mafuta yanapanda juu, yanatekwa kwa kijiko na kutiwa katika chupa.

Kijana asiyejua kazi anafungua chupa, anamwaga mafuta mtoni, kisha anangoja. Hapati kitu. Kwa sababu gani? Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi, atwae vikombe viwili vya maji. Katika kimoja atie chumvi na kukoroga, katika kingine tone la mafuta. Chumvi haionekani tena, lakini maji yote yana ladha yake, juu hata chini. Tone la mafuta linabaki juu, linang'aa. Mtoni ni vilevile: mafuta yanaelea, mkondo unayachukua, na kambale aliye chini katika matope hana habari.

Samaki hanusi hewani kama mbwa. Ana matundu ya pua, lakini hapumui kwa matundu hayo. Maji yanaingia kwa tundu moja, yanatokea kwa lingine, na humo samaki ananusa vitu vilivyoyeyuka katika maji. Kambale amepewa na Muumba kitu kingine tena: ndevu nane kuzunguka kinywa, nazo zinaonja kama ulimi. Kwa hiyo anapata chakula chake usiku, hata katika maji machafu ambamo macho hayasaidii.

Basi mvuvi hodari hamwagi mafuta, anayakanda. Anatwaa bugali wa jana uliopoa, unga wa ndagala wakavu waliotwangwa, na kijiko kimoja cha mafuta. Ndagala konzi moja inatosha, maana ni mboga ya watoto kwanza. Anakanda mpaka donge lisinate mikononi, kisha anatia katika ndoana kipande kama karanga. Ladha ya nyama ya ndagala inayeyuka na kwenda mbali na maji. Mafuta yanatoka polepole, kwa matone madogo sana, yakichukua vipande vya nyama pamoja nayo. Mafuta yakizidi, donge linalegea na kuanguka, na kambale anakula bure.

Harufu inafuata mkondo. Kambale aliye upande wa chini anaikuta, anageuka, anapanda nayo mpaka kwenye ndoana. Kwa hiyo mvuvi hatupi chambo huku na huku. Anakiacha mahali pamoja, hata kama ni kungoja muda mrefu.

Kwa sangala na mikeke wa ziwani kazi hii haifai sana, kwani wao huwinda kwa macho. Wavuvi wa ndagala nao hutumia taa usiku, na mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika.

Lakini harufu haichagui mgeni. Mamba naye anajua harufu ya samaki, naye huwinda hasa usiku, wakati uleule wa kambale. Ndiyo maana wazee huketi juu ya ukingo mrefu, mbali kidogo na maji, na mtoto haendi peke yake. Mjukuu aliyekanda chambo, mikono imejaa mafuta, atasema: «Babu, ninashuka kunawa.» Babu atamjibu: «Hapana, mjukuu wangu. Sugua kwa mchanga.» Samaki hawapasuliwi pale, wala matumbo hayatupwi mtoni. Wanachukuliwa mpaka nyumbani, na maji ya kunawa yanatekwa kwa kopo lililofungwa kamba.